Umri wa Mchezaji

Katika shule zetu za vijijini kuna swali gumu kuliko hesabu za magazijuto: mtoto huyu ana miaka mingapi? Hapa Magindu, kandokando ya Reli ya Kati, wazazi wengi waliokuja kuandikisha watoto darasa la kwanza hawakuwa na cheti cha kuzaliwa. Mmoja alitaja mvua za Elnino, mwingine mwaka wa njaa, nasi tukakadiria. Ndiyo maana sishangai umri unapozua ugomvi katika mpira wa vijana.

Mashindano ya dunia ya vijana hao yalianza China mwaka 1985, kwa walio chini ya miaka 16, na Nigeria ikatwaa kombe. Mwaka 1991 umri ulipandishwa kuwa miaka 17. Afrika ilifanya fainali zake za kwanza nchini Mali mwaka 1995. Vijana wetu, Serengeti Boys, walifuzu kwenda Gambia mwaka 2005, wakaondolewa kwa sababu ya umri wa mchezaji. Mwaka 2017 walikwenda Gabon kuchukua nafasi ya Kongo Brazzaville, iliyoondolewa kwa shauri kama hilo hilo. Mwaka 2019 fainali zilichezwa Dar es Salaam. Guinea ilishindwa na Kameruni kwa penalti katika mchezo wa mwisho, kisha ikanyang'anywa nafasi ya Kombe la Dunia kwa ajili ya umri wa wachezaji wawili. Senegal ndiyo iliyokwenda Brazili.

Siku hizi kuna kipimo cha kifundo cha mkono, ambacho FIFA ilianza kukitumia katika Kombe la Dunia la vijana mwaka 2009. Mifupa ikiwa imekwisha kuungana, mwenye mkono amepita umri. Mfupa haupokei hongo.

Wapo wanaosema kupunguza umri ni ujanja mdogo usiomuumiza mtu. Mimi, niliyelea watoto miaka mingi, humfikiria yule mwenye miaka 16 ya kweli, aliyeachwa nyumbani kwa sababu kaka mtu mzima amekalia nafasi yake. Jina lake halitajwi popote, lakini ndiye aliyeibiwa.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, cheti kitafutwe mtoto angali mgongoni mwa mama yake, kabla hajajua kupiga mpira. Wakati huo hakuna mwenye sababu ya kudanganya.