Nilivyoijua Redio ya Masafa Mafupi

Nina hoteli ndogo hapa Sherikat, Juba, kando ya barabara ya Nimule, na wateja wangu wengi ni madereva wa malori. Mpaka mwanzoni mwa 2025 habari zangu zote zilitoka kwenye simu. Januari ile zilienea video za raia wa Sudan Kusini waliouawa Wad Madani, Sudan. Hasira zikapanda, maduka ya Wasudani yakaporwa Juba, kafyu ikawekwa. Tarehe 22 ikatoka amri ya kufunga Facebook na TikTok. Madereva wakiuliza hali ya mji, sikuwa na la kuwajibu.

Jirani yangu, mzee aliyepigana upande wa waasi wa SPLA na Kiswahili chake alikipatia kwenye kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, akaja na redio. Msituni yeye na wenzake walisikiliza Radio SPLA, iliyotangaza kutoka Ethiopia mpaka mtawala wa huko, Mengistu, alipoanguka 1991.

"Mama, hii haitegemei mnara wa hapa," akaniambia. "Kaa nikuonyeshe."

Nilichojifunza kwake kimenibadilisha. Mawimbi ya masafa mafupi, kati ya megahezi 3 na 30, hupanda angani, yakagonga tabaka lenye chembe za umeme na kurudi ardhini maelfu ya kilomita mbali na mtambo. FM haina uwezo huo; lori likishaliacha jiji, stesheni nyingi hubaki nyuma. Lakini tabaka lile hubadilika na jua. Mchana natafuta kwenye bendi za mita 19 au 16. Giza likiingia nahamia 31, 41 na 49. Kitufe kikubwa hukufikisha karibu na stesheni, kile kidogo ndicho kinachoitenga na jirani yake. Eriali naivuta yote, na usiku naiunganisha na waya niliouning'iniza kwenye mwembe. Chaja za simu na vifaa vya sola huleta mkwaruzo mbaya, kwa hiyo nikitaka kusikia vizuri nazima vyote na kutumia mawe ya redio.

Saa nayo ina somo lake. Stesheni hutangaza ratiba kwa saa za GMT, na tangu Februari 2021 Sudan Kusini iko saa mbili mbele, Nairobi tatu. Kipindi cha saa 15:00 GMT mimi hukipata saa kumi na moja jioni, dada yangu aliye Kitale, Kenya, saa kumi na mbili.

Wanaosema redio hizi zimepitwa na wakati nawakumbusha ya 2023. BBC iliifunga redio yake ya Kiarabu mwezi Januari. Aprili vita vikazuka Khartoum, na Mei ikarudi hewani kwa masafa mafupi kwa ajili ya Wasudani. Kwao ilikuwa sauti iliyofika pale simu zilipokatika. Naliamini hilo kwa moyo wote.

Siku hizi habari nzito siitoi mezani mpaka nimeisikia kwenye stesheni mbili zisizo ndugu. Video ikiletwa, nauliza ni ya lini na ya wapi.

Madereva wameanza kuniomba ushauri wa kununua. Nawaambia watafute yenye kuonyesha masafa kwa tarakimu, maana sindano kwenye mstari hukuacha ukikisia. Iwe na bendi nyingi, tundu la waya wa nje, na itumie mawe yanayopatikana njiani hata Nesitu.