Mark II ya Mwalimu

Baba yangu amefundisha hisabati miaka 34 bila kumiliki gari. Alikuwa na baiskeli, ikaibiwa. Akanunua nyingine, ikazeeka naye. Baada ya hapo akawa mtu wa daladala za Uyole na Mwanjelwa, begi lake la ngozi kalikumbatia kifuani kama mtoto. Siku kiinua mgongo kilipoingia benki alizima redio, jambo ambalo nyumbani kwetu hufanywa kukiwa na msiba tu, akatuambia: "Nitanunua gari. Mark II."

Mimi na kaka tukaangua kicheko. Mama hakucheka. Aliendelea kuchambua maharage, lakini niliona mikono yake imepunguza mwendo.

Kaka, ambaye hakuna asichokijua, akaanza mahubiri. Ya nini Mark II, gari ambalo Toyota waliacha kulitengeneza mwaka 2004? Si bora Crown? Si bora Mark X? Au Mzee achukue IST atulie, mafuta yenyewe yamepanda. Baba akamtazama kama anavyomtazama mwanafunzi aliyesema mbili mara tatu ni tano. "Mama yenu ana magoti," akasema. "Kwenye IST atayaweka wapi?"

Wazo la kuagiza Mark X Japan lilikufa usiku uleule, juu ya daftari. Ushuru wa forodha asilimia 25. Ushuru wa bidhaa asilimia 10, maana injini inazidi sisi 2000. Nyingine asilimia 30, kwa kuwa gari limepita miaka kumi. Halafu juu ya yote hayo VAT, asilimia 18. Baba alipiga hesabu mara mbili, akaweka kalamu chini. "Hapa nitakuwa nimenunua magari mawili," akasema, "moja la kwangu na moja la serikali."

Basi tukatafuta humu humu nchini, na baada ya wiki tatu za madalali yakabaki mawili. La kwanza lilikuwa Soweto, hapa Mbeya: GX110 ya mwaka 2002, milioni tisa. La pili lilikuwa Iringa, Kihesa: GX100 ya mwaka 1997, milioni sita na nusu, mwenye mali ni mama mmoja muuguzi mstaafu.

Msomaji usiyejali magari, nivumilie kidogo. GX100 ilitoka mwaka 1996, na GX110 ikairithi mwaka 2000. Zote mbili zina injini ya jina moja, 1G-FE, lita mbili, silinda sita zimepangwa mstari mmoja. Ndiyo maana zinaunguruma kwa adabu. Lakini jina moja si mtu mmoja. Mwaka 1998, GX100 ikiwa bado inatengenezwa, Toyota waliifumua injini ile wakaitia VVT-i, nguvu zikapanda kutoka farasi 140 hadi 160. Kwa hiyo ya Kihesa ilikuwa ya zamani, na ya Soweto ya kisasa. Baba alikumbusha kwamba Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya bahari, na injini isiyo na tabo hupoteza kama sehemu moja ya kumi kwa kila mita elfu moja. "Farasi 160 wa Japan," akasema, "wakifika Uyole ni 133." Alifurahi sana na hesabu hiyo. Aliirudia hata kwa jirani.

Ila mtaani kwetu hakuna anayeuliza farasi. Mtaani umri wa gari husomwa kwenye kibao cha namba. Zilianza A, zikaja B, C, D, sasa tuko E. Ya Soweto ilikuwa namba D. Ya Kihesa ilikuwa namba B, na ukisema namba B mbele ya washikaji wanakupa pole. Kumbe herufi ile inakwambia tu gari lilisajiliwa Tanzania lini. Haisemi lilizaliwa lini, wala liliishi maisha gani huko lilikotoka. Nilijua hivyo, na bado niliitaka namba D. Nakiri. Nilikwisha kujiona Mwanjelwa, kiwiko dirishani, nikiitwa na watu ambao kwa kawaida hawanioni.

Tulikwenda Soweto na fundi wetu wa SIDO, mtu mfupi asiyependa maneno. Gari liling'aa mpaka nikaona meno yangu mlangoni. Baba aliingia, akakaa, akashika usukani saa nne na dakika kumi kama picha ya kitabuni. Sijawahi kumwona hivyo. Uso wake ulikuwa wa mtoto aliyevishwa viatu vipya vya Krismasi. Dalali, kijana mtanashati mwenye manukato, akawa anamwita "bosi" kila baada ya maneno matatu.

Fundi aliweka kiganja juu ya injini, akakiondoa haraka. "Ina joto. Nani ameiwasha kabla yetu?"

Dalali akasema walikuwa wanaisogeza tu. Fundi hakujibu. Baadaye alinifundisha kwamba injini inayokula oili huonyesha moshi wake wa bluu ikiamshwa ya baridi, ikishapashwa hujificha. Akachomoa kijiti cha oili ya giaboksi, akakinusa, akanipa nami ninuse. Ilinuka mandazi yaliyoungua. Mwisho akaingia ndani na kuanza kuvuta mikanda ya kiti mpaka mwisho, mmoja mmoja. Mara nyingi mikanda ya magari haya ina lebo chini yenye tarehe iliyotengenezwa. Mitatu ilisema 2002. Wa dereva ulisema 1999.

"Huu umetoka kwenye gari lingine," fundi akasema. "Mkanda haubadilishwi bila sababu."

"Bosi, hiyo ni vitu vidogo," dalali akasema. "Gari namba D hii!"

Tukiwa njiani kurudi fundi akaongeza jambo moja. Injini ya kabla ya 1998, taimingi belti ikikatika, gari linazima tu. Unatia belti mpya unaondoka. Hii ya VVT-i belti ikikatika, valvu zinagongana na pistoni, na hapo ni kufungua injini yote. Hakuna aliyejua belti ya gari la Soweto ilibadilishwa lini. Baba alisikiliza yote, akaitikia kwa kichwa, kisha akasema, "Lakini viti vyake ni vizuri." Nikajua mzee amekwisha.

Jumamosi iliyofuata tukapanda basi la alfajiri kwenda Iringa, kilomita 330 hivi. Mama alisema naye anakwenda. Hakuna aliyethubutu kumuuliza kwa nini. Uyole, Igurusi, Chimala. Upande wa pili yakawa yanatupita magari ya IT, yanatoka bandarini Dar es Salaam kwenda Tunduma na nchi za mbele, yanang'aa, hayajavaa hata namba. Kaka angekuwepo angetutajia moja moja. Tulipopita Igawa, Baba akaacha kuzungumza. Akawa anaangalia dirishani kama anayehesabu nguzo.

"Ilikuwa hapa," Mama akasema. Hakuwa anasema na mtu.

Mimi nilikuwa shuleni bweni mwaka ule, 2011, kwa hiyo habari hii niliijua kwa vipande tu. Bibi, mama yake Mama, alifariki Iringa, na maziko yakapangwa saa tisa alasiri. Wazazi wangu walipanda basi asubuhi. Likaharibika hapo, kati ya Igawa na Makambako, saa nne. Abiria wakakaa kwenye nyasi. Saa tano likasimama gari dogo la mtu binafsi, Mark II nyeupe, linakwenda Iringa. Lilikuwa na nafasi moja. Dereva akamwambia Mama: njoo mama yangu, nimesikia una msiba.

Baba ndiye aliyesema wasubiri. Basi litapona sasa hivi, twende pamoja. Saa kumi na moja jioni ndipo lilipopona. Walifika usiku, kaburi limeshafunikwa, mashada yameanza kunyauka. Mama hajawahi kumlaumu kwa mdomo. Nadhani ndicho kilichomtesa Baba miaka yote ile: hakupata hata la kujibu.

Kihesa yule mama muuguzi alitukaribisha kwa "kamwene" na chai. Gari lilikuwa chini ya mparachichi, baridi kabisa kama tulivyomwomba. Sura yake, kwa kweli, haikuvutia. Bodi ya nyuma kushoto ilibonyea, dashibodi ilipasuka, kiyoyozi kilikufa (nani anahitaji kiyoyozi Iringa mwezi wa saba?), na kwenye tuta shokapu ziligonga kama mtu anayebisha hodi. Fundi akawasha. Ikashika mara moja. Tukasimama nyuma ya ekzosi sote wanne tukisubiri moshi kama watu wanaosubiri mgeni. Hakuja.

Ndipo mwenyeji akatoa daftari. Kila oili iliyomwagwa, kila plagi, kila bushi, tarehe na kilomita pembeni, kwa mwandiko wa wodini, kama chati ya mgonjwa. Baba akavaa miwani. Alilisoma daftari lile ukurasa kwa ukurasa, kidole kinatembea, chai yake ikipoa. Mwaka 2016 akakuta kosa la kujumlisha kilomita. Akaomba penseli akalisahihisha. Yule mama akacheka mpaka akafuta machozi. Belti ilibadilishwa mara ya mwisho mwaka 2014, kwa hiyo ilitakiwa mpya. Lakini angalau tulijua.

Usiku tulilala kwa Mjomba. Baba bado hakuwa ameamua. Alizungumza juu ya viti vya Soweto, taa za Soweto, namba D. Akasema amengoja miaka 34, hataki watu waseme Mwalimu kanunua mkweche. Sikuweza kumcheka, mimi mwenyewe nilikuwa na kiwiko changu dirishani. Mjomba akaunga mkono. Fundi alikuwa amesinzia kwenye kochi.

Mama akaweka kikombe chini. "Mwalimu," akasema, "mimi siendi kuonyesha namba kaburini. Nataka kufika."

Baba akavua miwani, akaifuta kwa shati muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

Tulilipa milioni sita na laki mbili. Chenji ya Soweto, kama tulivyoiita, ilinunua belti, pampu ya maji, shokapu na matairi manne, na iliyobaki Mama akampa Mjomba ya saruji, kaburi la Bibi lijengewe. Kwa kuwa Baba hana leseni (sasa anajifunza udereva, na ana umri wa miaka 61), nilirudisha gari mimi. Kiwiko sikukitoa dirishani. Kulikuwa na baridi, na kioo chenyewe cha upande wangu kinapanda kwa kusaidiwa na mkono.

Tulipopita Makambako, kabla ya Igawa, Baba akaniambia nisimame. Akashuka, akazunguka gari, akapiga matairi teke moja moja kama alivyoona madereva wakifanya. Kisha akasimama pembeni ya barabara, mgongo kwetu, anaangalia zile nyasi. Malori mawili yakapita. Mama akashusha kioo.

"Mwalimu," akaita, "baridi hiyo."

Akarudi, akafunga mlango mara mbili kwa sababu wa kwanza haukushika. Nikawasha. Ikashika mara moja.