Goti la Kushoto

Kisiwani Mallorca, Uhispania, watu hupanda majabali ya chokaa juu ya bahari bila kamba. Maji ndiyo godoro lao. Chris Sharma alipolipanda tao la mwamba la Es Pontàs mwaka 2006, alikuwa ameshaanguka baharini mara nyingi.

Wapandaji wa huko nimewarekodi nikiwa mashuani. Watazamaji hupenda kuona mtu akianguka, kwa hiyo nilizoea kuvizia mkono unaoteleza. Mpandaji akitulia, nilizima kamera kutunza betri.

Siku moja wakaniambia, "Leo hiyo kamera iache. Panda."

Nilifika kama mita nne. Jiwe lilikuwa na unyevu wa chumvi, vidole vikakataa kufunguka, goti la kushoto likaanza kutetemeka kama sindano ya cherehani. Nilisikia pumzi zangu kuliko mawimbi. Kwa aliye mashuani, nilikuwa mtu aliyesimama tu.

Mwishowe nilijiachia, miguu ikatangulia majini.

Siku hizi mpandaji akitulia, sizimi kamera. Naivuta lenzi hadi kwenye goti lake, nangoja naye.