Nilisema Nahisi

Daktari aliniambia nifumbe macho. Mkononi alikuwa na kijiti chenye uzi wa plastiki uliosimama wima, mfano wa kipande cha mshipi wa kuvulia samaki. Kazi yangu ilikuwa moja: kila uzi unapogusa unyayo, niseme "sasa". Ulipogusa kisigino, nilisema. Ulipohamia kwenye vidole, sikuhisi chochote. Lakini nilisikia mkono wa koti lake ukikwaruza, nikakisia, nikasema "sasa". Akagusa tena, nikasema tena. Mwishoni aliniuliza miguu inanisumbuaje siku hadi siku. Nikamjibu kama nilivyolelewa Mombasa kumjibu kila anayenijulia hali: niko sawa tu, nashukuru.

Sikuwa sawa. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi kwa zaidi ya mwaka, na usiku nyayo ziliwaka moto hadi nikazitoa nje ya shuka. Tena ni mimi mwenyewe niliyeomba fidia ya ulemavu kwa ajili ya miguu hiyo. Uchunguzi ule ulipangwa kwa ombi langu, nami nikautumia kuthibitisha kwamba sina shida.

Nilikuja Marekani nikiwa mwanafunzi. Mwaka 2009 nikaingia jeshini kupitia MAVNI, mpango uliowachukua wageni waliojua lugha ambazo jeshi lilizihitaji, Kiswahili kikiwa mojawapo. Mwaka 2016, nikiwa bado na sare, vipimo vikaonyesha kisukari cha aina ya pili. Kwa kuwa kiligunduliwa nikiwa kazini, Idara ya Maveterani, ambayo sote tunaiita VA, ilikubali kwamba kinatokana na utumishi wangu. Nilipotoka jeshini mwaka 2018 nilipewa asilimia 20, kiwango cha mtu anayetumia vidonge na kubanwa chakula.

Sheria haiishii hapo. Madhara ya kisukari kwenye neva, figo na macho yanaweza kukadiriwa kila moja peke yake, na miguu huhesabiwa mmoja mmoja. Ndiyo maana niliwasilisha dai la miguu Novemba 2020. Machi 2021 barua ikaja: dai limekataliwa, uchunguzi haukuonyesha upungufu wa hisia. Sina wa kumlaumu. Waliamua kwa ushahidi niliowapa, na ushahidi niliowapa ulikuwa wa uongo.

Kwa nini nilidanganya? Nimejiuliza sana. Kwenye ukumbi wa kusubiri siku ile alikaa kijana mwenye mguu wa chuma. Nilimtazama, nikatazama viatu vyangu viwili, nikaona haya. Nilijiona kama mtu anayenyoosha mkono kwenye sahani ya mwenye njaa. Leo najua kwamba fidia yake haikupungua hata senti moja kwa ajili yangu, wala haikuongezeka kwa sababu nilinyamaza. Siku ile haya ilinishinda.

Kosa la pili lilikuwa kubwa kuliko la kwanza. Barua ile ilieleza wazi kwamba nina mwaka mmoja, kuanzia tarehe iliyoandikwa juu yake, na njia tatu za kupinga uamuzi. Ningeweza kuomba afisa wa ngazi ya juu apitie faili lile lile bila kuongeza kitu. Ningeweza kupeleka dai la nyongeza lenye ushahidi mpya. Au ningekata rufaa kwenye Bodi ya Rufaa za Maveterani, mbele ya jaji. Niliisoma barua ile mara moja, nikaikunja, nikaitia kwenye droo chini ya risiti za gari. Kuipinga kungenilazimu kusema kwamba nilikisia. Mke wangu aliponiuliza nilimwambia wamekataa, yamekwisha. Machi 2022 ikapita, nami nikajifanya sikuiona.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilishukuru kuumbuliwa na hereni. Ilikuwa jioni ya Septemba mwaka huo, nimerudi kutoka kazini nilikosimama tangu alfajiri. Nilivua viatu mlangoni, mke wangu akaangalia sakafu. "Baba watoto, hii damu ya nini?" Soksi ya kulia ilikuwa imelowa. Alipoivua akakuta hereni ya binti yetu, ile ndogo yenye kikonyo kama sindano, imezama chini ya kidole gumba. Nilikuwa nimeikanyaga siku nzima. Aliichomoa polepole huku akinitazama usoni, akisubiri nikunje uso. Sikukunja. Akaanza kulia.

Usiku ule nilimwambia yote: uzi, koti, "sasa", droo.

Kidonda kilichukua wiki nyingi kupona. Kikiwa bado na bandeji nilikwenda kwa afisa wa kaunti anayewasaidia maveterani, ambaye hakunitoza chochote. Alifungua faili, akaweka kidole kwenye mstari mmoja wa ripoti: mhusika amehisi karibu kila alipoguswa, anasema yuko sawa. Akaniambia kwamba hata kama mwaka usingekwisha, kupitiwa upya na afisa wa juu kusingenisaidia, kwa sababu naye angesoma maneno yangu yale yale. Iliyobaki ni njia ya dai la nyongeza, na ushahidi lazima uwe mpya na uhusike.

Tukaukusanya. Daktari wangu alipima jinsi umeme unavyopita kwenye neva za miguu, akaandika kwamba zimeharibiwa na kisukari. Mke wangu aliandika kurasa mbili kwa mkono wake kuhusu usiku wetu na kuhusu hereni. Mimi niliandika maelezo yangu, na ndani yake sentensi hii: katika uchunguzi wa kwanza nilikisia majibu kwa sababu niliona haya. Sentensi hiyo peke yake ilinichukua jioni nzima.

Oktoba 2022 dai likaenda, na baadaye nikaitwa kwa uchunguzi mwingine. Nikafumba macho. Uzi ulipogusa kisigino nilisema "sasa". Kisha chumba kikawa kimya. Nilisikia kalamu ikiandika, nikajua kwamba ananigusa vidole, na sikusema neno.

Walinipa asilimia 20 kwa kila mguu. Hesabu yao si ya kujumlisha tu, kwa hiyo pamoja na ile 20 ya kisukari jumla ilifika 50, si 60. Lakini malipo yalihesabiwa kutokana na dai la Oktoba 2022. Kama ningepeleka ushahidi ule ndani ya mwaka wangu, yangeweza kurudi hadi Novemba 2020, siku ya dai la kwanza. Karibu miaka miwili ya haki ya watoto wangu niliifungia kwenye droo. Kwa muda huo huo nilitembea juu ya miguu ambayo hakuna daktari aliyeikagua, kwa sababu kwenye karatasi ilikuwa mizima.

Ndugu yangu uliyevaa sare kama mimi, ukiulizwa unajisikiaje, ujue kwamba hiyo si salamu. Sema siku yako mbaya inavyokuwa. Ikija barua ya kukataliwa, izungushie tarehe kalamu nyekundu, uibandike mahali ambapo mkeo au mumeo ataiona.

Mama yangu hunipigia simu kila Ijumaa kutoka Kisauni, Mombasa. Nampa shikamoo, ananiitikia marahaba, kisha anauliza, "Hujambo mwanangu?" Miaka yote nilimjibu sijambo. Baada ya uamuzi ule nilimjibu, "Mama, miguu yangu haihisi. Ni sukari."

Alinyamaza hadi nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, kwa sauti ndogo, "Na yangu pia, mwanangu. Tangu Ramadhani ya mwaka juzi."

Asubuhi yake dada yangu alimpeleka kliniki.