Zilibomolewa na Nani?

Charlottesville ni mji mdogo katika jimbo la Virginia, kusini mwa Marekani. Karibu na katikati ya mji huo kuna mtaa ambao leo unaweza kuusoma tu, huwezi kuuingia. Uliitwa Vinegar Hill. Kilichobaki ni jina, kibao cha kumbukumbu na picha za zamani.

Ulikuwa mtaa wa Wamarekani weusi. Palikuwa na vinyozi, maduka, migahawa na kanisa. Enzi za ubaguzi, mtu mweusi aliyefukuzwa kwenye meza za wazungu alipata kiti hapa. Mwaka 1960 wapiga kura wa mji waliidhinisha mpango wa kuuvunja, kwa jina zuri la kuboresha mji. Kufikia 1965 matingatinga yalikuwa yamepita. Zaidi ya nyumba 100 na biashara zipatazo 30 zilikwenda, na sehemu kubwa ya ardhi hiyo ikakaa tupu kwa miaka.

Mimi nipo hapa kwa shahada ya uzamili. Jumamosi huwa nazitafsiria familia za Wakongo waliopokelewa kama wakimbizi: barua za shule, bili, fomu za hospitali. Siku moja tulipokuwa tukitembea kwenda kituo cha basi, mama mmoja wa makamo kutoka Kivu Kusini alinionyesha kibao.

"Kinasema nini, mwanangu?"

Nilianza vizuri: hapa palikuwa na mtaa, watu waliishi, walifanya biashara. Halafu nikakwama kwenye kitenzi. Nikisema nyumba zilibomoka, nitakuwa nimeisingizia mvua. Nikasema zilibomolewa.

"Na nani?"

"Na mji, mama. Watu walipiga kura."

"Na wenye nyumba, nao walipiga?"

Ikabidi nimweleze kodi ya kichwa. Babu zetu waliilipa kwa mkoloni, na asiyelipa alikamatwa. Ya Virginia ilikuwa tofauti kidogo: ilikuwa dola 1.50 kwa mwaka, na asiyelipa hakupiga kura. Iliingizwa kwenye katiba ya jimbo mwaka 1902 kwa lengo la kuwaengua weusi. Wakazi wengi wa Vinegar Hill hawakuweza kupiga kura iliyoamua kuhusu nyumba zao. Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuja kuifuta kodi hiyo mwaka 1966, matingatinga yakiwa yameshamaliza kazi.

"Sasa walikwenda wapi?"

Nikamwambia kwamba familia nyingi zilihamishiwa Westhaven, nyumba za kupanga za serikali, na kwamba si mbali na pale tuliposimama. Baadhi ya waliokuwa wenye nyumba wakawa wapangaji.

"Kumbe wapo," akasema. "Mbona kibao kinawasema kama marehemu?"

Sikuwa na jibu. Swali lake limebadilisha namna ninavyovisoma vibao vingine vya mji huu. Dakika chache kutoka hapo kuna uwanja wa mahakama, ambapo watu waliuzwa kwa mnada. Kwa miaka mingi kumbukumbu yao ilikuwa kibao kidogo kilicholazwa chini, pembeni mwa barabara. Wapita njia walikikanyaga bila kujua, na Februari 2020 kikang'olewa usiku. Wakati huo Jenerali Robert E. Lee, aliyeongoza jeshi la waliopigania utumwa uendelee, alikuwa bado juu ya farasi wa shaba katika bustani ya jirani. Alisimamishwa hapo mwaka 1924, akateremshwa Julai 2021. Mji huu ulijua kukumbuka kwa sauti kubwa. Uliamua tu wa kumkumbuka hivyo ni nani.

Sividharau vibao. Kwetu Tanzania nyumba inayosubiri bomoabomoa hupigwa alama ya X nyekundu, na alama hiyo huondoka pamoja na ukuta wake. Baada ya mwezi hakuna cha kumwonyesha mtoto. Afadhali kibao. Lakini kisiishie kutaja kilichokuwepo na mwaka kilipoondoka. Kimtaje aliyeamua, aliyezuiwa kuamua, na mahali anapoishi sasa yule aliyehamishwa, ili anayetaka kwenda kumsalimia ajue njia.