Maboksi Manne Yaliyobaki Goma

Mwaka 2017 nilikuwa Goma, mashariki mwa Kongo, nikielekea Kindu, mji ulio kando ya mto Lualaba. Huko Maniema Waislamu ni wengi, na Kiswahili kiliingia na misafara ya wafanyabiashara kutoka Pwani katika karne ya 19. Kamati ya msikiti wetu ilikuwa imenikabidhi maboksi manne ya misahafu kwa ajili ya madrasa. Kwa ubovu wa barabara, hapakuwa na budi kupanda ndege.

Uwanja wa Goma haumsamehe mzembe. Mji uko kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na wepesi wa hewa huipunguzia injini nguvu na mbawa uwezo wa kuinua. Januari 2002, lava ya mlima Nyiragongo ilifunika sehemu ya kaskazini ya njia ya kurukia, ikabaki fupi kwa miaka mingi. Upande wa kusini umesongamana mtaa wa Birere. Tarehe 15 Aprili 2008, ndege aina ya DC-9 ilishindwa kupaa, ikapitiliza na kuangukia mtaani humo. Wengi wa waliokufa hawakuwa abiria, bali watu waliokuwa katika shughuli zao.

Siku yetu, wachuuzi walikwisha kuelewana na mpokea mizigo, na shehena ikapita bila kupimwa. Rubani, mtu wa makamo, alizunguka ndege yake, akatazama tumbo la mizigo, akaagiza kila kitu kishushwe kipimwe upya. Kelele zikazuka. Mzee mmoja akamwambia, "Papa, twende tu, Mungu iko."

Maboksi yangu yakawa miongoni mwa yaliyoachwa. Nakiri kwamba nilighadhibika. Nilimwendea nikamweleza kuwa ile ni misahafu. Akanijibu kwa upole, "Shehe, mizani haiulizi kilichomo ndani ya boksi." Hapakuwa na mkaguzi wa serikali aliyemsimamia, wala faini aliyoiogopa.

Baadaye nilisoma kwamba marubani hufundishwa tabia tano za hatari: kudharau kanuni, pupa, kujiona hupatwi na baya, kujionyesha jasiri, na kujisalimisha kwa kudhani huna uwezo wa kubadili lolote. Hiyo ya tano ilinichoma, kwani ndiyo ambayo sisi huivisha kanzu ya tawakkul. Mtume wetu (s.a.w.) alitufundisha kumfunga ngamia kwanza, ndipo tutegemee. Mzee yule na mimi tulitaka ngamia aachwe huru.

Ndugu msomaji, tangu mwaka 2006 Umoja wa Ulaya uliyapiga marufuku karibu mashirika yote ya ndege ya Kongo kuingia katika anga lake, kwa sababu ya udhaifu wa usimamizi. Lakini mkazi wa Maniema hana orodha ya kuchagulia. Pale sheria inapolegea, ulinzi wake wa mwisho ni dhamiri ya rubani, na dhamiri hiyo huelemewa na mwenye ndege anayetaka faida na abiria anayetaka kuwahi. Novemba 2019, ndege nyingine ndogo ilianguka juu ya nyumba za watu Goma, punde tu baada ya kuruka.

Misahafu ilifika Kindu siku tatu baadaye. Watoto wa madrasa hawakupungukiwa na kitu. Rubani yule sikumshukuru, na hilo linanisumbua hadi leo.