Maji Baridi Chini ya Jua la Kendwa

Msafiri atokaye mjini Unguja kwa gari la Nungwi hupita Mahonda, Kinyasini na Kivunge, na kabla ya mwisho wa njia huteremka penye njia panda ya Kendwa, akashika kushoto kuelekea pwani. Huko, ndugu msomaji, maji yakipwa hayaendi mbali kama pwani ya mashariki. Mtu huoga saa yoyote apendayo.

Mimi sikwenda kuoga baharini. Ilikuwa Agosti, kipupwe, upepo wa kusi ukivuma, na mtoto wa marehemu dada yangu, atunzaye nyumba ndogo ya wageni pale, alinipelekea habari kuwa maji ya bafuni hayapati moto. Mwenye nyumba alidai kuwa kijana ameuharibu mtambo wa jua, na akaazimia kumkata mshahara hadi bei ya mtambo mpya itimie.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, baba. Nionyeshe."

Tulipanda juu ya paa pamoja na fundi bomba, mzee wa Nungwi asiye na haraka. Aligusa kioo cha mtambo: kinaunguza. Akagusa tangi lililo juu yake: baridi. Akatabasamu. Maji yakipata moto, alisema, huwa mepesi na hupanda yenyewe hadi kwenye tangi, na yaliyo baridi yakashuka kuchukua nafasi yao. Hakuna mashine inayoyasukuma. Lakini bomba lile, lililobadilishwa siku chache nyuma kwa amri ya mwenye nyumba mwenyewe, lilikuwa na nundu kama ya ngamia. Hewa ilijikusanya nunduni, na maji hayakupata njia.

Nilimkumbuka mdogo wangu aliyeko London, ambako nyumba hupashwa joto kwa rediata, yaani vyuma vya ukutani vipitavyo maji ya moto. Aliwahi kunieleza kuwa rediata ikiwa moto chini na baridi juu, ni hewa: huzima mtambo, hungoja upoe, hufungua skrubu ya juu kwa ufunguo mdogo hadi maji yadondoke, kisha hufunga. Ikiwa baridi chini, ni tope la kutu, na kutoa hewa hakusaidii kitu.

Mzee alifunika kioo kwa mkeka, akangoja hadi alasiri ndipo akalegeza kiungo cha nunduni. Hewa ilifoka, maji yakatema mate mara mbili tatu, kisha yakatiririka. Baadaye alilinyoosha bomba lipande moja kwa moja. Alikwangua pia ukoko wa chokaa, kwani visima vya huko vimechimbwa katika mawe ya matumbawe.

Kesho yake jioni mwenye nyumba alitia mkono chini ya bomba la bafuni, akautoa upesi. Hakusema neno. Mwisho wa mwezi mshahara wa kijana ulitoka, ila ujira wa fundi ulikuwa umekatwa humo.